Orodha isiyojua urefu wake: kutoka Paris hadi kwaya ya Nyeri

Najua nimepotea. Ndugu mmoja aliniandikia akiuliza kama nimeacha kublogu nikarudi shambani kuchuma kahawa. Hapana, nipo hapa hapa Nyeri, kahawa wanachuma wengine. Mimi nilikuwa nimetekwa na kinanda. Leo nitawasimulia ilikuwaje, halafu nitawarudisha hadi miaka ya themanini, maana kosa nililolifanya kanisani lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu wa kwaya moja hapa mjini alinijia na ombi. Waimbaji wake wengi hawasomi noti, wanajifunza kwa kusikia. Mpiga kinanda akipiga sauti zote nne kwa pamoja, besi wanaitafuta noti yao humo ndani kama mtu anayetafuta shilingi kwenye gunia la mahindi. Akaniuliza: je, hiyo tarakilishi yako haiwezi kuzitenganisha, kila kundi liwe na spika yake, lisikie noti yake peke yake? Nikamjibu bila kufikiri, "Hilo ni jambo dogo, mwalimu." Ndugu msomaji, kama kazi yako ni kuandika programu, siku ukisikia mdomo wako unasema hivyo, ufunge upesi.

Nilitumia Pure Data, au Pd kwa kifupi. Kwa wasioifahamu: ni lugha ya programu za sauti ambayo huiandiki, unaichora. Unaweka visanduku kwenye kioo, kila kisanduku kina matundu ya kuingizia juu na ya kutolea chini, unaviunganisha kwa nyaya, na ujumbe unatiririka kutoka juu kwenda chini kama maji ya mfereji. Ni ya bure, inapakuliwa na yeyote, na hata laptopu yangu kuukuu inaiendesha bila kulalamika.

Mchoro wangu ulikuwa mfupi. Noti zinaingia kutoka kwenye kinanda. Zinasubiriwa milisekunde 30 ili zote za kodi moja zifike. (Nikisema kodi hapa nina maana ya noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si ile ya KRA.) Kisha zinapangwa kuwa orodha kuanzia ya chini hadi ya juu, orodha inahifadhiwa kwenye kisanduku "pack", inagawanywa na kisanduku "unpack", na kila noti inakwenda kwenye spika yake: besi, tena, alto, soprano. Kwa majuma mawili ilifanya kazi vizuri mno. Mwalimu akafurahi, nikapewa soda.

Mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu ya mavuno, mpiga kinanda wa kawaida hakufika. Aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana mwenye vidole vyepesi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba yule wa kawaida alikuwa na tabia moja ambayo sikuwahi kuitilia maanani: alipiga noti nne, kila mara, bila kukosa. Huyu kijana alipiga tatu, akapiga tano, mahali pengine akapiga moja tu. Mchoro wangu haukuzima wala haukuandika kosa lolote kwenye dirisha la ujumbe. Uliendelea kutoa noti, nazo zikawa za uongo.

Alipopiga noti tatu, akiiacha ya tena, tena wakapewa noti ya alto, alto wakapewa ya soprano, na soprano wakabaki wameshikilia noti ya kodi iliyopita. Alipopiga tano, ya tano, yaani ile ya juu kabisa yenye wimbo wenyewe, ikatupwa kimya kimya. Waimbaji waliamini spika. Jumapili walisimama mbele ya watu wakaimba walichofundishwa. Kuna bibi mmoja wa soprano, ameimba kwaya hiyo tangu kabla sijazaliwa, ambaye baada ya ibada alimwambia mwalimu kwamba anaona ajiuzulu, masikio yake yamezeeka.

Sikulala vizuri usiku ule.

Nilipotulia nikaanza kujiuliza swali la mtu wa programu: kwa nini lugha ya muziki, iliyotengenezwa na wanamuziki, inashindwa na jambo la kawaida kabisa katika muziki, yaani idadi ya noti kubadilika? Jibu liko kwenye historia.

Mwaka 1977 mtunzi Pierre Boulez alifungua mjini Paris taasisi ya utafiti wa sauti na muziki iitwayo IRCAM. Huko mhandisi wa Kiitaliano, Giuseppe Di Giugno, alitengeneza mfululizo wa mashine za kuchakata sauti, na ya mwisho ikaitwa 4X. Kwa wakati wake lilikuwa jitu, lakini kuliambia lifanye nini ilikuwa shughuli ya wataalamu. Katikati ya miaka ya themanini akafika Mmarekani kijana, Miller Puckette, mwanahisabati aliyetoka MIT. Alitaka njia ya kuipa mashine amri papo hapo mpiga ala akiwa jukwaani, si amri zilizoandikwa usiku uliotangulia. Programu aliyoiandika kwenye Macintosh ilipewa jina la Max, kwa heshima ya Max Mathews wa Bell Labs, yule ambaye mwaka 1957 aliifanya kompyuta icheze muziki kwa programu yake iliyoitwa MUSIC. Mwaka 1988 Puckette aliieleza kazi yake hadharani kwa jina la Patcher, na miongoni mwa kazi za kwanza kuitumia ni Pluton ya Philippe Manoury, ya piano na 4X.

Piano, zingatia. Na piano iliongea na kompyuta kwa MIDI.

MIDI ilizaliwa mwaka 1983, baada ya makampuni ya vinanda ya Marekani na Japani kukubaliana lugha moja. Ukiifungua ndani utashangaa ilivyo na roho ya kibahili. Ujumbe wa kubonyeza noti una baiti tatu tu: ya kwanza inasema "noti imebonyezwa, njia fulani", ya pili ni noti gani kati ya 128, ya tatu ni nguvu ya kidole. Waya hubeba biti 31,250 kwa sekunde, kila baiti inachukua biti 10 njiani, kwa hiyo noti moja inatumia karibu milisekunde moja. Noti inayofuata inasubiri zamu yake kama matatu kwenye stendi.

Maana yake ni kwamba katika MIDI hakuna kodi! Hakuna ujumbe unaosema "noti nne zimepigwa pamoja". Kuna noti, halafu noti, halafu noti, na kazi ya kuamua kwamba hizi ni ndugu wa tumbo moja ameachiwa anayepokea. Ndiyo maana nililazimika kusubiri zile milisekunde 30. Akodioni iliyopigiwa mwomboko na wazee wetu ilikuwa mbele kidogo kwa hili: kitufe kimoja cha kodi upande wa mkono wa kushoto hutoa noti kadhaa kwa mpigo mmoja, na kundi zima ni kitu kimoja tangu mwanzo. Ila nayo idadi yake imefungwa kiwandani.

Sasa, mtu anayechora lugha juu ya ulimwengu wa namna hiyo atatengeneza visanduku vya namna hiyo. Noti na nguvu yake ni vitu viwili, siku zote viwili. Noti, nguvu na njia ni vitatu, siku zote vitatu. "Pack" yenye matundu mawili inatosha, "unpack" yenye matundu matatu inatosha. Halafu kuna jambo la mchoro wenyewe. Tundu ni kitu unachokiona. Ukichora kisanduku chenye matundu manne, umeshatamka nne, na huwezi kuchora tundu ambalo leo lipo na kesho halipo. Katika lugha ya maandishi orodha ikiongezeka hakuna kinachosogea kwenye ukurasa. Katika lugha ya picha urefu wa orodha umegeuka kuwa umbo la kisanduku. Kwa maoni yangu hapo ndipo mzizi wa shida ulipo. Simlaumu Puckette, alikuwa anatatua tatizo jingine, tena alilitatua vizuri.

Kinachochekesha ni kwamba chini ya sakafu urefu ulikuwa unajulikana muda wote. Pd imeandikwa kwa C. Mtu anayeandika kisanduku kipya kwa C anaweza kusema kwamba kinapokea ujumbe wa urefu wowote, kwa kutaja neno A_GIMME, ambalo ni kama mtoto anayesema "nipe, nipe". Hapo kisanduku chake kinapokea vitu vitatu: jina la ujumbe, hesabu ya vipande vyake, na vipande vyenyewe. Hesabu hiyo huitwa argc, kama ilivyo desturi ya C. Kwa hiyo fundi wa chini alijua orodha ina vipande vitano. Mchoraji wa juu hakuwa na dirisha la kuchungulia.

Kuna mtego mwingine wa enzi zile ambao bado upo, na ndio uliokuwa wa kwanza kuniuma. Katika Pd orodha hubadilisha jina kulingana na ukubwa wake. Ikiwa na namba mbili au zaidi ni "list". Ikibaki na namba moja inakuwa "float", yaani namba tu. Ikibaki tupu, inakuwa "bang". Mtumiaji wa Pd anajua "bang" ni nini: ni ujumbe usio na kitu ndani, wenye maana moja tu, "fanya sasa". Ukiutuma kwa kisanduku chenye kumbukumbu, kinatoa tena kilicho nacho. Na "pack" ina kumbukumbu.

Fikiria basi. Kijana anainua vidole vyote. Noti zilizobonyezwa ni sifuri. Orodha yangu inakuwa tupu, tupu inakuwa "bang", "bang" inafika kwa "pack", na "pack" inasema: sawa, hii hapa kodi ya mwisho, mara nyingine tena. Kimya cha mpiga kinanda kiligeuzwa kuwa amri ya kurudia. Majuma mawili haikuonekana kwa sababu yule mzee wa kawaida huunganisha kodi moja na nyingine bila kuinua mikono, na mwisho wa wimbo mimi mwenyewe nilizima sauti kwa kipanya.

Na zile noti tatu? Kumbukumbu ile ile. "Pack" ya matundu manne ikipewa orodha ya vipande vitatu hujaza matundu matatu ya kwanza, la nne linabaki na cha jana, halafu inatoa vyote vinne kwa uso mkavu kabisa. Ikipewa vitano, cha tano hakina tundu, kinapotea njiani.

Turudi kwenye historia. Max ilitoka IRCAM ikaenda sokoni kupitia kampuni ya Opcode mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikaendelezwa na David Zicarelli, ambaye mwaka 1997 alianzisha Cycling '74, na mwaka 2017 kampuni hiyo ikanunuliwa na Ableton. Puckette mwenyewe alirudi Marekani, Chuo Kikuu cha California kule San Diego, na mwaka 1996 akaitambulisha Pure Data, iliyo huru kwa yeyote. Alibadilisha mengi, hasa namna ya kushughulikia data na sauti, lakini visanduku vya "pack" na "unpack" vilihama naye pamoja na tabia zao, kama fanicha za nyumba ya zamani.

Ila angalia jambo hili, lilinifanya nicheke peke yangu usiku. Fungua faili lolote la Pd kwa kihariri cha maandishi. Utakuta mistari kama hii:

#X obj 50 60 pack 0 0 0 0;
#X obj 50 90 unpack 0 0 0 0;
#X connect 0 0 1 0;

Hiyo ni nini kama si orodha za urefu wowote? Mstari mmoja una maneno tisa, mwingine sita, na Pd haijali, inasoma mpaka ikutane na nukta mkato. Pd hutumia mtindo huo huo ikitumiana ujumbe na programu nyingine kupitia mtandao, na wenyewe wanauita FUDI. Hata MIDI bahili ina mlango mmoja wa namna hiyo, ujumbe wa SysEx, unaoanza na baiti F0 na kuendelea kwa urefu wowote mpaka F7. Na OSC, iliyotoka Berkeley mwaka 1997 kwa mikono ya Matt Wright na Adrian Freed, ikaja na njia yake: katika maelezo yake rasmi ya mwaka 2002, mbele ya ujumbe kuna mfuatano wa herufi, moja kwa kila kipande kinachofuata, kwa hiyo ukizihesabu herufi umejua urefu kabla ya kugusa data.

Kwa hiyo kuna njia tatu: taja idadi mwanzoni, weka alama ya mwisho, au tanguliza maelezo ya kila kipande. Zote zilijulikana. Aliyekosa kupewa hata moja, kwa miaka mingi, ni mchoraji.

Niruhusu nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu nikiwaza haya nilikumbuka kwamba huku kwetu Mlima Kenya picha na sauti ziliunganishwa zamani, kabla ya umeme. Nazungumzia gĩcaandĩ. Ni kibuyu cha kutikisa, ngozi yake imechorwa alama kwa kisu, na mwimbaji hushindana na mwenzake kwa mafumbo ya kuimba huku alama hizo zikiwa kumbukumbu yake. Wamisionari wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902 na kuifanya Nyeri kuwa kitovu chao, waliandika mengi juu ya mila za Wagĩkũyũ. Kitabu cha padre Cagnolo kilichapwa hapa hapa Nyeri mwaka 1933 kwenye shule yao ya uchapaji. Mwingine wa shirika hilo, Vittorio Merlo Pick, mwaka 1973 alitoa kitabu kizima juu ya vitendawili na gĩcaandĩ. Na Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mpiga gĩcaandĩ awe msimulizi wa Caitaani Mũtharaba-inĩ ya mwaka 1980.

Sisemi kwamba kibuyu ni kompyuta, tusianze ushabiki. Ninachokiona mimi ni jambo moja dogo: alama iliyochongwa ina ukubwa ule ule siku zote, lakini maneno yanayotoka kwayo hayajapimwa na nafasi iliyo kwenye kibuyu. Mchongaji hakuchora matundu manne akamwambia mwimbaji ajaze manne. Urefu ulikuwa mdomoni, na mpinzani alikuwa pale pale kujua zamu imekwisha.

Haya, turudi kwenye Pd.

Watumiaji hawakukaa kimya. Kwenye Max kulikuja familia ya visanduku vinavyoitwa "zl", vya kukata, kugeuza na kupima orodha, japo navyo kwa kawaida huishia vipande 256 mpaka uombe zaidi. Upande wa Pd watu waliandika maktaba za nyongeza. Iliyojulikana sana ni zexy ya IOhannes Zmölnig wa Graz, Austria. Humo mna kisanduku cha kupima urefu na kingine, "repack", cha kufunga upya orodha yoyote katika mafungu ya ukubwa unaoutaka. Nakumbuka nilivyoipata zexy: kwenye saiba hapa mjini, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, wakati intaneti yote ya nchi ilitegemea setilaiti. Nilikaa natazama mstari wa upakuaji ukisogea kama konokono huku dakika zikihesabiwa, nikaibeba nyumbani kwenye flashi, nikagundua nimepakua ya Windows na mimi natumia Linux. Nikarudi mjini kesho yake. Ndiyo maana mpaka leo napenda suluhisho ambalo halihitaji nyongeza yoyote.

Suluhisho hilo lilikuja katikati ya miaka ya 2000, Puckette alipoweka ndani ya Pd yenyewe familia ya "list". "List append" na "list prepend" huongeza nyuma au mbele. "List trim" huvua lile jina. "List length" hutoa hesabu, ile argc iliyofichwa chini ya sakafu, sasa iko mezani. Lakini ninayoipenda zaidi ni "list split". Unaipa namba, tuseme 1. Tundu la kwanza linatoa kipande kimoja cha mbele, la pili linatoa mabaki yote. Halafu kuna tundu la tatu, ambalo wengi hawaliungi na waya wowote: orodha ikiwa fupi kuliko ulivyoomba, hutokea huko. Fikiria tofauti na "pack". Kwa "pack", upungufu unafichwa kwa kitu cha jana. Kwa "list split", upungufu una mlango wake, na ukitaka kuusikia unaunga waya tu.

Ukirudisha mabaki kwenye kisanduku kile kile, unapata kitanzi: kimoja kinadondoka, mabaki yanarudi, kimoja kinadondoka, mpaka kwisha. Frank Barknecht alikusanya mbinu za namna hii kwenye maktaba yake ya list-abs, iliyochorwa yote kwa visanduku vya kawaida, na mimi nilijifunzia humo. Tahadhari moja: kila mzunguko unamwita mwenzake kabla haujamaliza, na Pd ilikuwa imewekewa kikomo cha ngazi 1000 kabla ya kulalamika kwamba rafu imefurika. Kwa orodha ndefu mafundi wakagundua ujanja wa kuikata katikati, kisha kila nusu katikati, mpaka vibaki vipande kimoja kimoja. Orodha ya vipande 1000 inashuka ngazi kumi hivi badala ya elfu. Kwa kodi ya kinanda huhitaji ujanja huo, vidole ni kumi. Lakini ni mbinu nzuri, nimeshaitumia kwingine.

Baadaye yakaja mengine. Toleo la 0.47 la mwaka 2016 lilileta "clone", kisanduku kinachotengeneza nakala nyingi za mchoro mmoja na kuzipa namba, na "list store" ikafuata kwa ajili ya kuhifadhi orodha na kuchota kipande chochote humo. "Clone" nayo inataka idadi tangu mwanzo. Unachagua kumi, unazima zisizotumika.

Nilivyorekebisha mchoro wa kwaya basi. Kwanza "pack" ikaondoka, nikaifuta kwa mkono wangu. Orodha ikifika, kwanza kabisa inapita kwenye kisanduku "route bang": ikiwa tupu, inachepuka kwenda kuzima sauti zote, haifiki kwingine. Isiyo tupu inapimwa na "list length". Ikiwa nne, kila sauti inapata yake kama zamani. Ikiwa pungufu, mchoro haukisii nani ni nani. Kila noti inalinganishwa na mipaka ya kila sauti ambayo mwalimu aliniandikia kwenye karatasi, na sauti isiyo na noti inanyamaza, spika yake inawaka taa nyekundu kwenye kioo changu. Ikizidi nne, ya chini kabisa ni ya besi, ya juu kabisa ni ya soprano, za katikati mwalimu anaamua. Mwanzoni nilitaka mashine iamue na hizo pia. Akakataa, akasema hiyo ndiyo kazi yake. Ana haki.

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta yule bibi. Nikamkuta kwenye benchi nje ya kanisa, nikamsalimu, nikamwambia, "Cũcũ, masikio yako ni mazima. Mimi ndiye niliyekupa noti ya zamani." Alinitazama, akauliza kama kompyuta ndiyo iliyokosea au ni mimi. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Basi njoo uimbe besi, tuko wachache." Nimekwenda mara tatu sasa.

Bado kuna jambo moja linalonisumbua. Yule kijana ameajiriwa rasmi, na ana mtindo wa kuzimwaga noti za kodi moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwaga njugu. Milisekunde 30 hazimtoshi, mchoro unaona kodi mbili ndogo badala ya moja kubwa. Nikiongeza hadi 80, mzee wa zamani akipiga haraka kodi zake mbili zinaungana kuwa moja ya noti nane. Nafikiria kupima muda kutoka noti ya mwisho badala ya ile ya kwanza. Wiki hii nitaijaribu kwa 40, tuone.